Umeme peke yake haurudishi maneno

Kila baada ya muda inaibuka habari ile ile kwa sura mpya: ukimpitishia umeme kichwani mtu aliyepigwa na kiharusi, anaanza kuongea tena. Watu wanatumiana kwenye simu, "jamani someni hii", na anayeuguza mzazi anaanza kuuliza mashine hiyo inauzwa wapi na ni shilingi ngapi. Sina ugomvi na umeme huo. Nina ugomvi na jinsi tunavyosimuliwa.

Tuelewane kwanza. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikipiga huko kinaweza kuacha afasia, na karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi hukumbwa nayo. Akili haijaruka. Mtu anakiona kijiko, anajua kazi yake, ila jina haliji. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka karibu silabi moja tu, "tan", huku akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya ubongo, kushoto.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Neno lililombakia ni "kesho". Ukimsalimia, kesho. Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho kwa sauti ya juu. Nimewasikia watu wazima na digrii zao wakisema mbele yake kwamba mzee kachanganyikiwa, na wengine kwamba karogwa. Jamani, anasikia!

Sasa umeme wenyewe. Ni mdogo mno, miliampea 1 au 2, kiasi ambacho hata betri ya volti 9 inaweza kukitoa. Unapita kati ya vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani. Hauzilazimishi seli za ubongo kufanya kazi. Unazisogeza tu karibu na kuamka, ili kazi ikija ziitikie kwa wepesi zaidi. Ikija, nasema. Kama hakuna kazi, umeandaa shamba halafu hukupanda kitu.

Jaribio ninaloliheshimu lilifanyika South Carolina, Marekani, na matokeo yake yakatoka mwaka 2018. Wagonjwa 74, wote wakiwa wameishi na afasia muda mrefu, walifanya mazoezi ya kompyuta ya kulinganisha maneno na picha: vipindi 15, kila kimoja dakika 45. Baadhi yao walipata umeme wa kweli kwa dakika 20 za mwanzo. Waliobaki walipata wa kuzuga, yaani unawashwa kidogo, ngozi inawasha, halafu unazimwa kimya kimya. Waliopata wa kweli waliongeza kwa wastani maneno 13.9 katika kutaja majina ya vitu. Wa kuzuga, maneno 8.2.

Vichwa vya habari vikashika ile tofauti, asilimia 70. Mimi nimeng'ang'ania ile 8.2. Hao hawakupata umeme wa maana, na bado maneno yalirudi! Yalirudi kwa mazoezi. Watafiti wenyewe hawakutangaza ushindi. Walisema inafaa kuendelea na jaribio kubwa zaidi, basi.

Mwaka huo huo matokeo ya Uholanzi, kwa wagonjwa ambao kiharusi chao kilikuwa bado kipya, hayakuonyesha faida ya umeme. Mapitio ya Cochrane ya 2019 yalikusanya majaribio 21 yakaona dalili katika kutaja majina ya vitu, lakini hayakupata ushahidi kwamba mtu anawasiliana vizuri zaidi katika maisha ya kila siku. Kutaja "ndizi" mbele ya picha ni jambo moja. Kubishana bei ya ndizi sokoni ni jambo lingine kabisa.

Halafu kuna utafiti wa Ujerumani wa 2017 ambao hakuna aliyewahi kunitumia, labda kwa sababu hauna mashine. Wagonjwa 156, tiba ya usemi saa 10 au zaidi kwa wiki, wiki tatu. Wengine walikuwa wamekaa na afasia miezi na hata miaka. Mawasiliano yao yaliboreka. Watu walikaa nao wakafanya kazi, hiyo ndiyo siri yote.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Wataalamu wa tiba ya usemi Afrika Mashariki ni wachache mno. Shahada yenyewe ilianza kufundishwa Makerere mwaka 2008 tu. Mashine inaweza kuja na ndege wiki ijayo. Mtaalamu anachukua miaka, na lazima afanye kazi kwa lugha ya mgonjwa. Afasia ya aina aliyoieleza Broca, kwa Kiingereza, huangusha vile viungo vidogo vya sentensi na kuacha maneno makubwa. Sisi viungo hivyo tumevishona ndani ya kitenzi. "Nitakununulia" ni neno moja lenye mnunuzi, wakati, mnunuliwa na kitendo. Ukiangusha kipande, linavunjika. Mazoezi ya kutafsiri kutoka Kiingereza hayatatosha hapo. Na kama mgonjwa alianza na Kichaga, Kiswahili kikaja shuleni, tunaanzia wapi? Lugha mbili katika kichwa kimoja si lazima zirudi pamoja.

Kwa hiyo akija mfadhili na boksi la mashine, namwomba mganga mkuu aulize nani atakaa na mgonjwa saa 10 kwa wiki, na kwa picha na maneno gani. Na wewe uliyeanza kutafuta betri na waya, acha, ubongo wa mama si redio.

Kama unafanya tiba ya usemi kwa Kiswahili, popote ulipo, nitafute. Nina maswali mengi.