Kwa Wazazi wa Tanga, Juu ya Shule za Sheria za Kiangazi

Silver Spring, Maryland

Kwa wazazi, walezi na walimu wa Tanga, wa mjini na wa mashamba, na kwa jirani zao wa Mombasa, Pemba na Unguja wanaosumbuliwa na jambo hili hili.



Tangu mwanzo wa mwaka nimekuwa nikipokea kutoka kwenu barua na jumbe za sauti zenye swali moja: kwamba mtoto wa fulani, aliye kidato cha tatu au aliyemaliza cha nne, na ambaye kwa ufasaha wa kinywa chake mtaa mzima umekwisha kumwita wakili, ameletewa mwaliko wa kuja Marekani kusoma sheria kwa majuma mawili au matatu wakati wa kiangazi, kwamba mwaliko huo una muhuri wa rangi ya dhahabu na maneno ya kumtukuza, na kwamba wazazi wake wanataka kujua kama inafaa kuuza kiwanja, au kukopa, ili asiikose bahati iliyomfuata hadi mlangoni. Maadam siwezi kumjibu kila mmoja peke yake, naandika barua hii iwe ya wote, na jawabu langu nalitanguliza ili asiye na wasaa wa kusoma mpaka mwisho asikose haja yake: kiwanja msiuze.

Nianze na mwaliko wenyewe, kwa maana ndio uliotia watu tamaa. Aghalabu mtoto hakuteuliwa na mtu yeyote aliyemjua. Aliandika jina na anwani yake mahali fulani, katika fomu ya mtihani au ya mashindano ya insha, navyo vikapita mkono hata mkono kama bidhaa nyingine yoyote mpaka vikawafikia wenye programu, ambao huandika barua za namna hiyo kwa wingi, wakijua fika kwamba mzazi akisoma kuwa mwanawe amechaguliwa, moyo wake hulainika kabla ya hesabu kufanywa. Shule nyingi za nchi hii hufungwa Mei au Juni na kufunguliwa Agosti au mwanzo wa Septemba, na katika muda huo vyuo vikuu navyo huwa likizoni, na mabweni yake hubaki matupu. Chumba kitupu hakiingizi pesa. Kwa hiyo vyuo mashuhuri, kama Georgetown hapa Washington na Columbia kule New York, huendesha wenyewe madarasa ya sheria kwa wanafunzi wa sekondari, na pembeni yao ziko kampuni zisizo chuo wala shule, zinazokodi mabweni hayo ili jina la chuo lipate kuonekana katika tangazo. Majuma matatu pamoja na malazi na chakula yaweza kupita dola 10,000, na hata ya bei nafuu hayashuki chini ya dola elfu kadhaa, mbali na nauli ya ndege, bima, na ada ya viza ambayo hairudishwi hata mwombaji akinyimwa. Vyuo vyenyewe, kwa insafu, hueleza kwamba kuhudhuria kiangazi si ahadi ya kupokewa chuoni baadaye. Ila maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na picha za majengo huwa kubwa.

Sitaki kuwadhulumu kwa kusema kwamba hawafundishi kitu. Kazi yangu ni ukalimani wa mahakama. Huwatafsiria watu wetu, na siku hizi zaidi ndugu zetu wa Kongo waliofika kwa njia ya ukimbizi, na kila Julai huwaona vijana wa programu hizi wakiingizwa mahakamani kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, wakikaa viti vya nyuma. Tena nimepata kualikwa kuwa miongoni mwa waamuzi wa kesi zao za igizo, na naapa kwamba hapo pana elimu ya kweli. Vijana hupewa jalada la kesi ya kubuni, lenye hati za viapo vya mashahidi na vielelezo vyake. Nusu yao huwa upande wa mashtaka na nusu upande wa utetezi. Na yule aliyezoea kushinda mabishano ya nyumbani kwa sauti na wingi wa maneno hugundua, mbele ya wenzake na kwa uchungu mkubwa, kwamba swali refu humpa shahidi mwanya wa kuponyoka, ilhali swali fupi lisilo na jawabu ila ndiyo au siyo humfunga. Kwamba huwezi kumuuliza shahidi wa upande wa pili jambo usilolijua jawabu lake. Na kwamba wakati mwingine maarifa yote ya wakili ni kukaa kitini na kunyamaza. Nimemwona binti wa miaka 16 akijifunza hayo kwa alasiri moja tu. Lakini elimu hii haikuzaliwa katika mabweni ya kiangazi wala haikai humo peke yake: mashindano ya kesi za igizo ya Marekani nzima kwa shule za sekondari yamekuwapo tangu 1984, yalianzia jimbo la Iowa, na katika shule nyingi za serikali mafundisho yake hutolewa na mawakili wanaojitolea baada ya saa za kazi.

Juu ya ziara ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo hakuna tangazo linaloiacha, mtaniwia radhi nikicheka kidogo. Mahakama ile husikiliza hoja za mawakili kuanzia Oktoba hata Aprili, na hukumu zake za mwisho hutolewa Juni au mwanzoni mwa Julai, kisha majaji hutawanyika. Basi mtoto aliyesafirishwa kutoka Afrika ili aione haki ikifanya kazi katika kilele chake huonyeshwa nguzo, mapazia na viti vitupu, akapigwa picha ngazini. Umbali mfupi kutoka pale iko mahakama ya mji wenyewe wa Washington, iitwayo Superior Court, ambamo waliokamatwa jana husomewa mashtaka leo, hata siku ya Jumamosi, na mlango wake u wazi kwa yeyote atakaye kuingia, bila ada na bila fulana.

Iko tafauti moja ya mifumo ambayo matangazo hayaitaji, nami naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika nchi hii hakuna mtu anayetoka sekondari akaingia chuo cha sheria. Hutakiwa kwanza apate shahada ya kawaida, ya miaka minne, katika fani yoyote, ndipo aombe nafasi ya kusoma sheria kwa miaka mitatu mingine. Kwa kijana wa hapa, basi, kiangazi cha sheria ni kuchungulia jambo lililo mbali, na akilichukia ana miaka mingi ya kubadili nia. Kwetu sivyo. Mtoto amalizaye kidato cha sita Mei aweza kuwa katika darasa la sheria la Dar es Salaam au Mzumbe kabla mwaka haujaisha, naye hajapata kuona jalada wala kumsikia shahidi akiapa, hana anachokijua juu ya kazi hiyo ila joho na filamu. Anayehitaji kuionja sheria mapema ni huyu wa kwetu zaidi kuliko yule wa kwao, na huyu ndiye asiyepewa.

Kuhusu mafunzo ya kazini, yale ambayo kijana huwekwa katika ofisi ya wakili au ya jaji kwa majuma kadhaa ili afanye kazi ndogo ndogo na kutazama kubwa, ni haki niseme kwamba yaliyo bora kabisa hapa hayauzwi. Chama cha mawakili cha mji wa New York huendesha programu yenye jina la Jaji Thurgood Marshall, inayowaweka wanafunzi wa sekondari wa mji ule katika ofisi za sheria wakati wa kiangazi, nao hulipwa ujira. Iko pia Legal Outreach, iliyoanza Harlem mwaka 1983, ambayo huwachukua watoto wa familia zisizo na mali wangali wadogo na kuwafundisha sheria bure. Lakini hizo ni za wakazi. Mwanafunzi wa Tanga hana njia ya kuingia humo, na viza ya matembezi hairuhusu kazi ya ujira hata ya siku moja. Anayewaahidi kazi ya kulipwa kwa viza ya namna hiyo mkimbieni.

Nimelitaja jina la Marshall, na siwezi kulipita upesi, kwa kuwa ana haki juu yetu sisi watu wa Afrika Mashariki ambayo wengi hawaijui. Alizaliwa Baltimore, katika jimbo hili la Maryland ninamoandikia, mwaka 1908. Mama yake alikuwa mwalimu. Baba yake alifanya kazi ya utumishi, akiwahudumia watu weupe, wala hakupata elimu kubwa, lakini alipenda mno kesi, na siku za nafasi alikwenda mahakamani kukaa na kusikiliza, akimchukua mwanawe, kisha usiku, mezani, baba na watoto walibishana juu ya waliyoyasikia, na kila aliyedai jambo alitakiwa alithibitishe. Shuleni kijana alikuwa mtundu, na adhabu yake ilikuwa kupelekwa chumba cha chini akahifadhi vifungu vya Katiba ya Marekani. Utundu wake ulikuwa mwingi, ikawa Katiba nzima imemwingia kichwani. Chuo cha sheria cha jimbo lake hakikuwapokea watu weusi, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, akahitimu 1933, na baada ya miaka miwili akashiriki katika kesi iliyokilazimisha chuo kile kile kumpokea mwanafunzi mweusi. Mwaka 1954 alishinda kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za serikali za nchi nzima, na 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika Mahakama ya Juu.

Katikati ya hayo, mwaka 1960, kwa mwito wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, alifika Kenya, kisha akaenda London kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House juu ya katiba ya Kenya, na huko aliandika rasimu ya sura ya haki kwa ajili ya Kenya itakayokuwa huru. Jambo la kutaajabisha katika rasimu ile ni kwamba mtu huyu, ambaye kwao alikuwa mtetezi wa weusi walio wachache, alijitaabisha kutafuta kinga ya mali na haki za Wazungu na Wahindi ambao huko Kenya ndio wangekuwa wachache. Mwelekeo huo wa nafsi haufundishwi kwa majuma matatu, wala sidhani kwamba ulianza Howard. Naona ulianza katika benchi la nyuma la mahakama ya Baltimore, mtoto akiwa ubavuni mwa baba yake.

Sasa tutazame yaliyoko kwetu. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Miezi yote hiyo mtoto yuko nyumbani. Mwenye uwezo humpeleka masomo ya kompyuta, asiye na uwezo humkalisha dukani, na wengi hulala. Kiangazi cha Marekani hakifikii nusu ya muda huo. Katika kila wilaya iko Mahakama ya Mwanzo, ambamo husikilizwa mirathi, ndoa, madeni na wizi mdogo, kwa Kiswahili, na hakimu aweza kusaidiwa na wazee wa baraza. Na kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo kabisa, ikawa mdai na mdaiwa hujisemea wenyewe. Kesi husikilizwa hadharani, isipokuwa zile za watoto na nyingine zinazostahili faragha. Tangu sheria ya 2021 Kiswahili kimefanywa kimsingi lugha ya mahakama zetu zote, na tangu ile ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, nao wanafanya kazi karibu na watu, wakiandika barua za madai, wakipatanisha majirani waliogombania mpaka wa shamba. Hao wote wana kazi ambayo kijana mwenye mwandiko mzuri na adabu aweza kuisaidia. Hapa Washington, tangu 1972, wanafunzi wa sheria wa Georgetown huingia shule za sekondari kufundisha sheria ya mambo ya kila siku, ya mpangaji na mwenye nyumba, ya mnunuzi na muuzaji, na mtindo huo ulivuka bahari ukafika Durban, Afrika Kusini, katika zama za ubaguzi. Sioni kinachouzuia kufika Tanga.

Fauka ya hayo, msitishwe na udogo wa mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20.

Ombi langu, basi, ni hili. Wakuu wa shule wachague vijana wachache, wa kike na wa kiume, si kwa alama peke yake bali kwa staha na uwezo wa kutunza siri. Mawakili wa Tanga na vituo vya msaada wa kisheria wakubali kuwapokea wawili wawili. Wazazi watie sahihi ya idhini. Na kijana mwenyewe aandike ahadi kwamba jina la mteja halitatoka kinywani mwake hata kwa mama yake. Nauli ya daladala na chakula cha mchana tutachanga sisi tulio huku, na nimekwisha kuzungumza na wenzangu wa Maryland na Virginia, hawakukataa. Iwapo atatokea mtoto ambaye chuo cha kweli kimekubali kumgharimia kila kitu, hata nauli, huyo mwacheni aje, na nyumba yangu ni yake.

Lililobaki ni la majira. Mahakama Kuu huwa likizoni kuanzia katikati ya Desemba hata mwisho wa Januari, na mwaka wa mahakama hufunguliwa kwa Siku ya Sheria, mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo maombi kwa mawakili yafike kabla ya Krismasi, na vijana waanze Februari, wakiwa na shati safi, daftari na kalamu mbili.

Wenu katika heri na undugu,
Mkalimani, mtoto wa Tanga