Tuulizwe Kabla ya Kutozwa

Serikali ni ya nani? Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 chajibu: mamlaka kuu yote ni ya wananchi wa Kenya. Basi karani wa kaunti anayetoza ada sokoni Thika au stejini Ruiru ametumwa na mama mboga huyo huyo anayemkatia risiti. Lakini je, mama aliulizwa?

Mwaka wa 2013 kaunti yetu ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha, yenye ada na kodi chungu nzima. Wananchi wakaenda kortini. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha, maana umma haukushirikishwa ipasavyo. Alitaka habari ziwafikie watu makanisani, misikitini, mabarazani, hata kwa redio za lugha za kienyeji. Hapo alinifurahisha sana!

Wengine husema, "Si tulipiga kura? Tuwaachie kazi." La, jamani! Kura ni ya miaka mitano, ada ni ya kila asubuhi. Ila nasi tuna lawama. Baraza likiitwa, wanafika wazee wachache, vijana tuko kwenye mpira. Likitangazwa tena nitakwenda na daftari langu, niulize ada ya soko inafanya kazi gani.