Picha Ziko Wazi, Makabati Yamefungwa

Kila Mto Ruvu unapopungua na Dar es Salaam ikaanza kupewa maji kwa zamu, lawama hupanda mlima. Hupita Kidunda, hupita Mvuha, hufika Matombo, Kinole na Mgeta, na huko humkuta mkulima Mluguru akiwa na jembe mkononi. Viongozi husema mlima umekwisha, magazeti huandika hivyo hivyo, na semina hufunguliwa kwa ramani yenye madoa mekundu. Sijasikia katika semina hizo mtu akiuliza doa lile limekokotolewaje, na nani, na kama sisi tuliokaa ukumbini tunaweza kulikokotoa upya. Nadai kwamba tunaweza, tena bila kununua kitu. Kinachotuzuia ni desturi zetu za kiofisi kuliko umaskini wetu.

Hapo zamani umaskini ulikuwa sababu ya kweli. Kabla ya mwaka 2008 picha moja ya setilaiti ya Landsat iliweza kugharimu dola 600, na utafiti wa miaka ishirini ya mlima ulihitaji picha nyingi. Mwaka huo Marekani ikaifungua hazina yote, inayoanzia 1972. Baadaye Ulaya ikatoa bure picha za Sentinel, ambazo pikseli yake ndogo ni ya mita 10 na ambazo hurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku chache. Hata hivyo, picha za bure zilikuwa bado mzigo usiobebeka kwa mwanafunzi anayetegemea bando la simu.

Kikwazo hicho ndicho kilichoondolewa na majukwaa ya wingu. Mtafiti hapakui picha. Hutuma mistari michache ya msimbo kule picha ziliko, kompyuta za huko hufanya kazi, naye hurudishiwa jibu. Google Earth Engine ndiyo maarufu zaidi. FAO inayo SEPAL. Digital Earth Africa imeweka picha za bara zima kwenye seva za Cape Town, na kituo cha RCMRD cha Nairobi ni miongoni mwa washirika wake. (Jina hili la wingu lina kejeli yake kwetu: miteremko ya mashariki ya Uluguru hufunikwa na mawingu halisi kiasi kwamba kamera za setilaiti hushindwa kuona kitu, na ni rada ya Sentinel-1 inayopenya.)

Kwa hiyo anga liko wazi. Tatizo ni kwamba anga peke yake halitoshi. Setilaiti huona mwanga ulioakisiwa; haioni shamba, wala haijui mwenye shamba. Chukua ramani ya dunia ya misitu iliyochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, ambayo wengi wetu huinakili bila kuisoma maelezo. Kwake mti ni uoto wowote unaozidi mita 5, ndani ya pikseli ya mita 30. Haitenganishi msitu wa asili na miti iliyopandwa. Bustani ya mikarafuu na mifenesi ya Kinole inaweza kuhesabiwa pamoja na msitu wa hifadhi, na mtu aliyevuna miti aliyoipanda mwenyewe akaonekana mharibifu. Makosa haya hayarekebishwi Maryland. Hurekebishwa na mtu aliyesimama uwandani na kuandika kwamba hapa ni shamba, hapa ni msitu, hapa palilimwa mwaka fulani.

Na kazi hiyo ya uwandani tumeifanya. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009 kwa msaada wa Finland na FAO, ilipima zaidi ya vipande vya sampuli 30,000 nchi nzima. Ripoti yake ilisema tunapoteza hekta 372,816 za misitu kwa mwaka. Hesabu za kiwango rejea zilizowasilishwa baadaye Umoja wa Mataifa zikasema hekta 469,420. Vipindi na mbinu zilitofautiana, hilo naelewa. Lakini tofauti ya takwimu hizo mbili inakaribia mara nne ya eneo lote la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye takribani hekta 24,000. Msomaji wa kawaida hupewa namba, hapewi hatua za kuifikia, kisha huambiwa achague ya kuamini kama anayechagua timu ya mpira.

Wenzangu kadhaa hujibu kwamba majukwaa haya ni ukoloni mpya wa data. Wana hoja. Mwaka 2022 Google ilianza kuuza leseni za Earth Engine kwa kampuni na kwa serikali zinazoitumia katika kazi zao za kila siku, na anayejenga ufuatiliaji wote wa misitu ya nchi katika nyumba ya mwenye nyumba mmoja ajue kwamba kodi huweza kupanda. Ndiyo maana napendelea Digital Earth Africa: programu yake ya msingi, Open Data Cube, ni huria, na inaweza kuhamishiwa kwenye seva nyingine, hata ya hapa Morogoro. Ila siwezi kukubali neno ukoloni litoke kinywani mwa mtu aliyefungia vipimo vya mlima wetu kabatini. Mgeni ametupa picha zake. Mwenyeji anadai barua yenye muhuri. Mwanafunzi wangu mmoja aliomba vipimo vya kina cha mto katika ofisi moja ya umma. Alirudishwa mara nne, mwishowe akapewa grafu iliyochapwa kwenye karatasi.

Na sisi wahadhiri tusijifiche. Ni tasnifu ngapi kuhusu Uluguru ziko kwenye rafu, zikiwa na ramani za rangi, bila msimbo, bila orodha ya vipimo vya uwandani?

Mlima huu unajua gharama ya elimu isiyohojiwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Upande wa Mgeta, palipokuwa na soko la mboga, matuta yalikuwa na faida. Upande wa Matombo udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu na mazao yakadhoofu. Wataalamu hawakuuliza, wakulima hawakuwa na njia ya kuwasahihisha, na mwaka 1955 mambo yakaishia kwenye ghasia, risasi na kifo. Mpango ukafutwa.

Mtumishi wa umma atasema anaogopa, nami simcheki. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikazuia kusambaza takwimu zinazolenga kudhoofisha zile rasmi. Kizuizi kiliondolewa mwaka 2019, ila hofu haifutwi na tangazo la gazeti la serikali. Hata hivyo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ipo, na inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Zipo pia sababu halali za kuficha: mahali hasa pa sampuli za kudumu pakijulikana, panaweza kutunzwa kwa upendeleo na kipimo kikapotoka. Basi sogeza viwianishi kwa kilomita moja au mbili, kisha chapisha vilivyobaki.

Jambo hili haliwezi kungoja, kwa sababu sasa namba za misitu ni fedha. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kiko hapahapa SUA. Halmashauri ya kijiji italetewa mkataba wa miongo kadhaa, na pamoja nao ramani inayosema kijiji kina tani kadhaa za kaboni na kimeharibu hekta kadhaa. Msimbo uliotengeneza ramani hiyo na vipimo vya uwandani vilivyoihakiki viwe viambatisho vya mkataba, kwa maelezo ya Kiswahili, na mwanafunzi aliye chini ya mlima huohuo apewe muda wa kuikokotoa upya kabla muhuri wa kijiji haujagongwa.