Joto Linaloweza Kukokotoa

Mchoma mkaa wa Kilosa hana kipimajoto. Hukaa kando ya tanuri lake la udongo akiutazama moshi. Ukiwa mweupe na mzito, magogo bado yana maji. Ukiwa mwepesi wenye rangi ya samawati, wakati wa kuziba matundu umekaribia. Joto lililofichika humpelekea habari, naye hukata shauri kwa kuisoma habari hiyo.

Mwaka 2024 Patryk Lipka-Bartosik, Martí Perarnau-Llobet na Nicolas Brunner walichapisha wazo lililo jirani na hilo, ila tanuri lao ni chembe chache tu zitiizo kanuni za kwanta. Chembe hizo hugusana na maghala ya joto. Halijoto ya kila ghala la kuingizia huwakilisha tarakimu, 0 au 1. Joto hutiririka lenyewe, na jibu husomwa katika halijoto ya ghala la mwisho. Hapana mkono wa nje unaoiendesha mashine.

Katika kompyuta za kawaida joto ni taka itupwayo kwa feni. Rolf Landauer alionyesha mwaka 1961 kwamba taka hiyo haikwepeki: kila habari ifutwayo hulipiwa kwa joto. Mashine hii mpya humgeuza mdai huyo kuwa mtumishi. Hata hivyo nayo hulipa, kwani kadiri jibu litakiwavyo kuwa la hakika, ndivyo joto lipoteavyo kwa wingi. Tena kazi hiyo ni ya nadharia. Haikujenga mashine yoyote.

Wako wasemao kwamba mambo haya hayaihusu Tanzania. Dai hilo ni dhaifu. Nadharia hutaka hesabu, karatasi na uvumilivu, si maabara ya mabilioni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa, mpaka Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, alipomsikiliza. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi juu ya maji haujakwisha, lakini mwaka 2024 tukio la kwanta lenye jina la Mpemba lilionekana katika ioni zilizonaswa.

Swali lile lilitoka kwenye aiskrimu ya shule. Mwalimu wa fizikia wa Kilosa angeweza kuwapeleka wanafunzi tanurini, wakapima halijoto ya udongo wa juu saa hata saa, wakachora grafu, kisha wakamwuliza mchoma mkaa yeye alijuaje.