Gitaa la Zawadi na Uzito wa Neno 'Bure'

Imekuwa desturi katika miaka hii ya intaneti kwa maduka ya ala za muziki, majarida ya wapiga gitaa na hata mashirika ya hisani huko Marekani na Uingereza kutangaza kwamba yatatoa gitaa la umeme la thamani kubwa kwa mtu mmoja atakayebahatika. Atakiwalo msomaji wa tangazo aghalabu ni kuandika jina lake, anwani yake ya barua pepe na pengine nambari ya simu, kisha aingoje siku ya droo. Tangazo hilo halisimami mpakani. Kijana wa kidato cha nne aliyeko Kakamega hulisoma kwenye simu kama alisomavyo mwenzake wa Chicago, naye huamini kwamba wote wawili wamealikwa katika karamu moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hawakualikwa sawa, na kwamba chanzo cha dhana hiyo potofu ni namna maneno machache, hasa neno 'bure', yanavyotumiwa.

Yafaa kwanza tujiulize ni nini kinacholifanya gitaa kuwa kitu cha kugombaniwa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitengeneza magitaa ya Les Paul Standard yaliyopakwa rangi mithili ya machweo ya jua. Idadi yake haikufika 2,000, na bei ya kila moja ilikuwa chini ya dola 300. Wanunuzi hawakuyachangamkia, na mwaka 1961 kampuni ikayabadilisha umbo. Baadaye wapigaji kama Eric Clapton na Jimmy Page wakayapiga mbele ya dunia, na leo magitaa yale yale yaliyokosa wanunuzi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mbao hazikubadilika. Kilichoongezeka ni uadimu na masimulizi.

Mfano wa pili ni wa Eddie Van Halen, mpigaji aliyefariki mwaka 2020. Katika miaka ya 1970, akiwa kijana asiye na fedha, alijiundia gitaa kwa kuunganisha vipande. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kiwiliwili chake kilikuwa na kasoro na kilimgharimu dola 50, nayo shingo dola 80. Mwaka 2007 kampuni ya Fender ilitoa nakala 300 za gitaa hilo kwa bei ya dola 25,000 kila moja, na mafundi wakaiga hata mikwaruzo na alama za moto wa sigara. Chombo kilichozaliwa na uhaba kikageuka kuwa alama ya utajiri. Vyombo vya aina hii, vya kale au nakala zake chache, ndivyo vinavyotolewa katika droo za intaneti, maana jina lake pekee hutosha kuwakusanya watu.

Sasa tuje kwenye lugha. Katika isimu tunafundisha kwamba kila kitenzi huja na washiriki wake. Kitenzi 'kupa' kina washiriki watatu: mwenye kutoa, mwenye kupokea na kitu kinachotolewa. Kitenzi 'kuuza' kina wanne, kwa kuwa huongezeka bei. Mama akimpa mwanawe kalamu hatuulizi bei, na atakayeiuliza ataonekana hana adabu. Mwenye duka akimuuzia mtoto huyo kalamu, bei ni lazima itajwe au ieleweke. Tangazo la droo limeandikwa kwa sarufi ya 'kupa', ilhali shughuli yenyewe ni ya washiriki wanne. Bei ipo, ila haikutajwa.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuyatenganisha mambo haya. Zawadi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu anayemjua au anayemthamini. Tuzo hupewa aliyefanya jambo la kusifiwa. Bahati nasibu ni mchezo ambao wengi hutoa kidogo ili mmoja apate kingi, na kamari ni kuweka mali rehani kwa jambo lisilojulikana matokeo yake. Hata kitenzi 'kushinda' kina masharti yake, kwani hudai pawe na shindano na mshindwa. Anayeambiwa 'umeshinda' baada ya jina lake kuokotwa na kompyuta hakumshinda mtu yeyote. Neno 'bure' nalo lina sura mbili. Twasema 'elimu ya bure' tukimaanisha isiyolipiwa, na twasema 'kazi bure' tukimaanisha isiyo na faida. Mwenye droo huikusudia sura ya kwanza, lakini washiriki karibu wote huishia katika ya pili.

Je, kwa nini wenye droo hulisisitiza neno hilo namna hii? Jibu limo katika sheria. Nchini Marekani bahati nasibu hutambuliwa kwa mambo matatu yanapokutana: zawadi, kubahatisha na malipo. Mfanyabiashara haruhusiwi kuendesha bahati nasibu yake binafsi, kwa hiyo huliondoa jambo la tatu kwa kutangaza kuwa si lazima mtu anunue chochote ndipo ashiriki. Hapo neno 'bure' huwa na kazi ya kisheria. Halielezi ukarimu wa mtoaji, bali humkinga asishtakiwe. Majimbo ya New York na Florida huongeza sharti jingine, kwamba droo yenye zawadi za zaidi ya dola 5,000 isajiliwe na iwekewe dhamana ya fedha. Gitaa moja la kale latosha kukivuka kiwango hicho.

Uingereza imefuata njia yake. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 huruhusu mashindano ya zawadi yasiyo na leseni ikiwa mshiriki anaulizwa swali linalohitaji ujuzi wa kweli, au ikiwa kuna njia ya kuingia bila malipo, kwa mfano kwa barua ya kawaida ya posta. Kwa hiyo waendeshaji huuza tikiti kwenye intaneti, kisha huandika chini kabisa kwamba asiyetaka kulipa aweza kutuma barua. Lakini stempu ya daraja la pili nchini humo ilipanda hadi peni 87 mnamo Aprili 2025. Tikiti ikiuzwa kwa peni 50, njia inayoitwa ya bure huwa ghali kuliko ile ya kulipia. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kanuni za hiari kwa waendeshaji wa droo hizi, ishara kwamba hata huko mambo hayakuonekana kuwa shwari. Kanada nayo humtaka anayetarajiwa kupata zawadi ajibu kwanza swali la hesabu, aghalabu la kujumlisha na kuzidisha, ili isisemwe kwamba amepata kwa kubahatisha tu.

Kwamba maneno yaweza kudhuru si dhana ya wanaisimu peke yao. Mnamo Juni 2023 kampuni ya Publishers Clearing House, iliyojulikana kwa droo zake tangu mwaka 1967, ilikubali kulipa dola milioni 18.5 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuishtaki. Ilidaiwa kwamba maneno na mpangilio wa kurasa zake viliwafanya watu waamini kuwa kununua bidhaa kulikuwa lazima, au kungewaongezea nafasi ya kupata zawadi. Tume ilisema kwamba walioathirika ni pamoja na wazee na watu wa kipato cha chini. Sentensi ya kweli ilikuwapo, ila iliwekwa mahali ambapo macho hayafiki. Waswahili walikwisha kusema kwamba penye urembo ndipo penye urimbo.

Tuipige hesabu bei isiyotajwa, kwa mifano ya kubuni. Tuchukulie gitaa la dola 10,000 na washiriki 50,000 wasiolipa kitu. Kila mmoja ana nafasi moja katika 50,000. Tukiigawa thamani ya gitaa, kila jina limemgharimu mwenye droo senti 20 za Marekani, yaani takriban shilingi 26 zetu. Kwa kiasi hicho amepata anwani ya mtu aliyejitambulisha mwenyewe kuwa mpenzi wa magitaa, pamoja na idhini ya kumtumia matangazo. Tuchukulie tena droo ya tikiti, yenye gitaa la pauni 4,000 na tikiti 2,000 za pauni 5. Mapato ni pauni 10,000, na ziada kabla ya gharama nyingine ni pauni 6,000. Ni muuzaji gani angeweza kuliuza gitaa hilo kwa bei hiyo kwa mtu mmoja? Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mshiriki haukuwa mtupu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba droo humpa mpigaji maskini nafasi ya kukipata chombo ambacho asingekinunua maishani, na kwamba nyingine huchangisha fedha za hisani. Hoja hizi zina uzito, na hatusemi kwamba kila droo ni ulaghai, kwani nyingi huendeshwa kwa mujibu wa sheria na magitaa hutolewa kweli. Hata hivyo, huko Marekani thamani ya zawadi huhesabiwa kuwa kipato na hutozwa kodi. Mpigaji maskini aliyepata gitaa la dola 25,000 aweza kulazimika kuliuza ili alipe kodi ya kulipata, nalo likarudi kwa mkusanyaji tajiri. Ama kuhusu hisani, ziko njia zilizo wazi zaidi. Mnamo Juni 2019 David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd aliuza zaidi ya magitaa yake 120 katika mnada wa Christie's mjini New York. Mauzo yalizidi dola milioni 21, na Stratocaster yake nyeusi peke yake ilifikia dola 3,975,000. Fedha hizo alizielekeza kwa ClientEarth, shirika linalotumia sheria kutetea mazingira. Katika mnada kama huo bei hutajwa kwa sauti, na mfaidika hujulikana mapema.

Turudi sasa kwa kijana wetu wa Kakamega. Masharti ya droo nyingi za Marekani husema kwamba ziko wazi kwa wakazi wa nchi hiyo pekee, waliotimiza umri wa miaka 18. Sababu zipo. Sheria za nchi hutofautiana, na baadhi ya magitaa ya kale yana mbao za mti wa Brazili uitwao na wataalamu Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu. Tangu mwaka 1992 mti huo umo katika orodha kali zaidi ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na chombo chenye mbao hizo hakivuki mpaka kihalali bila hati. Kwa hiyo nafasi ya kijana huyu si moja katika 50,000. Ni sifuri. Lakini fomu haikumkataa, na jina na anwani yake vimekwisha kuchukuliwa. Mwenzake wa Chicago alilipa bei akapata tumaini dogo, ilhali yeye amelipa bei ile ile bila kupata hata tumaini. Isitoshe, tapeli akiipata anwani hiyo, ataandika kwamba gitaa limefika bandarini na linangoja ada ya kulitoa. Ikumbukwe daima kwamba zawadi ya halali haimdai mpokeaji ada ili apewe.

Sisi nchini Kenya tuna nyenzo za kujikinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hudai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari binafsi za mtoto kutumiwa. Sheria ya kudhibiti kamari iliyotiwa saini Agosti 2025, kuchukua mahali pa ile ya mwaka 1966, inatoa fursa ya kutunga kanuni mpya. Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji, na kifungu cha 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Maadamu ni hivyo, ni haki kudai kwamba kila droo inayowalenga Wakenya, iwe ya gitaa, ya simu au ya gari, iandikwe masharti yake kwa Kiswahili pia, kwa herufi za ukubwa ule ule wa neno 'bure'. Itaje anayeruhusiwa kushiriki, habari zinazochukuliwa na matumizi yake, na mahali matokeo yatakapotangazwa.

Walimu nao wasingoje kanuni. Somo la ufahamu laweza kuanza na tangazo halisi la droo badala ya kifungu cha kitabuni. Wanafunzi waulizwe nani anatoa, nani anapokea, kinachotolewa ni nini na bei iko wapi. Kisha wayafasiri masharti kwa Kiswahili sanifu, sentensi kwa sentensi, bila kuliruka neno. Mwanafunzi atakayefika kwenye sentensi inayosema kwamba droo si ya wakazi wa nchi yake, na akaelewa alichosoma, atakuwa ameiokoa anwani yake.