Tuliambiwa Tuishi Nayo

Kila mafua makali yanapozuka mjini na watu wakaanza kukohoa kwenye daladala, hakosekani kijana mwenzangu, mwenye shahada yake safi, wa kusema: "Hata korona tuliishinda bila barakoa." Huisema kwa fahari, kama anayesimulia fainali ya mpira aliyoitazama akiwa uwanjani. Nimeisikia kwenye vikao vya harusi, nimeisikia ofisini, na juzi nimeisikia kwa mtu anayefundisha chuo kikuu. Nimechoka kuitikia kwa tabasamu la adabu. Hatukuishinda. Tuliacha kuihesabu tu, kisha tukakuita huko kuacha kuhesabu ushindi.

Tukumbushane, maana miaka michache imetosha kutusahaulisha. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania Bara ilitoa takwimu zake za mwisho. Zanzibar ilitoa zake siku chache baadaye, na jumla ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Dunia nzima ikaendelea kubadilisha namba zake kila jioni, yetu ikasimama pale pale kwa zaidi ya mwaka, kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Mwezi Mei tukasikia habari ya papai na mbuzi waliopimwa wakakutwa na virusi, na maabara ya taifa ikageuka mshitakiwa. Juni tukatangaziwa kwamba Mungu ametusikia na ugonjwa umekwisha. Na kwa wale walioendelea kuugua, neno lilikuwa moja: tuishi nayo, kama tunavyoishi na UKIMWI na magonjwa mengine.

Kabla sijaenda mbali, nikiri jambo ambalo wenzangu wengi wenye hasira kama yangu hawapendi kulikiri. Uamuzi wa kutofungia watu ndani ulikuwa na hoja. Mama anayeuza vitumbua Tandale anakula leo alichouza leo. Kumfungia ndani siku arobaini bila kumpelekea unga ni kumchagulia namna ya kufa. Kenya waliweka kafyu, na polisi wakapiga watu virungu kivukoni Likoni siku ya kwanza tu. Sitetei virungu. Lakini mtu anionyeshe ni wapi imeandikwa kwamba nchi isiyofunga masoko lazima pia ifunge daftari. Hayo ni maamuzi mawili. Tuliuziwa kwa pamoja, kama muuza duka anayekwambia sukari hupati mpaka ununue na chumvi, na mpaka leo ukiuliza habari ya daftari unajibiwa habari ya soko. Hesabu haimzuii mtu kuuza vitumbua.

Tena mfano wenyewe wa UKIMWI tuliopewa unawaumbua waliotupa. Wagonjwa wa kwanza waligundulika Kagera mwaka 1983. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa hauna jina, watu wakaubatiza Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa mpakani na wafanyabiashara. Miaka ile ya Juliana, ya kunong'ona, ya "amerogwa" na "amekanyaga miwaya", ndiyo iliyojaza makaburi. Tulianza kuishi nao kwa maana halisi tulipoanza kuutaja na kuupima. Mwaka 1999 Rais Mkapa akautangaza kuwa janga la taifa. Mwaka 2007 Rais Kikwete akakaa kwenye kiti Mnazi Mmoja akatolewa damu mbele ya kamera. Leo mtu anayeishi na VVU katika nchi hii ana kadi ya kliniki, ana namba kwenye kadi hiyo, ana tarehe ya kurudi, na akikosa kurudi yupo mhudumu wa kumpigia simu. Huko ndiko kuishi na ugonjwa. Ni kazi ya ukarani kupita kiasi: daftari, safu, tarehe, dozi. Anayesema tuishi na korona kama tunavyoishi na UKIMWI, halafu anafunika daftari, anatuita turudi enzi za Juliana.

Na tulirudi. Wimbi la mwanzoni mwa 2021 lilipokuja, lilikuta nchi ambayo ugonjwa huo umeshatangaziwa kwisha. Basi ukatafutiwa jina: changamoto ya upumuaji. Nalichukia jina hili kuliko uongo wa moja kwa moja. Changamoto ni neno la semina, la ripoti ya mradi. Mtu anaweza kuwa na changamoto ya usafiri akachelewa kazini. Huyu aliyelala hapa hana changamoto. Anakufa kwa kukosa hewa huku ametoa macho.

Nasema "hapa" kwa sababu nilikuwepo. Februari ile tulimpeleka shangazi yangu, mwalimu mstaafu, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, maana waliotuhudumia bado wanafanya kazi na hawakutukosea kitu. Kipimo cha kidoleni kilisoma 78. Wodi ilikuwa imejaa, na wengine wamekaa kwenye mabenchi ya korido wakiwa wameinama mbele, mikono magotini, mkao ambao ukiuona mara moja hutausahau. Nesi, aliyejinunulia mwenyewe aproni ya plastiki sokoni, alinivuta pembeni.

"Dada yangu, kama mna uwezo tafuteni mtungi. Yetu ni minne na wagonjwa wa oksijeni ni tisa."

"Ni korona, sista?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Ana changamoto ya upumuaji."

Usiku mzima kundi la ukoo la WhatsApp likageuka ofisi ya ugavi. Binamu mmoja akampigia muuza gesi ya mafundi wa kuchomelea, mwingine akatafuta mtu anayemjua mtu. Mtungi ulipatikana ukafika saa nne asubuhi. Shangazi alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri. Karatasi yetu iliandikwa nimonia.

Watu hudhani oksijeni ni suala la huruma au la fedha. Kwanza ni suala la hesabu, na hesabu yake ni ya darasa la tano. Mtungi mkubwa wa hospitali una karibu lita 7,000. Mgonjwa aliyezidiwa anavuta lita kumi kwa dakika, wakati mwingine kumi na tano. Gawanya: mtungi mmoja haumfikishi saa kumi na mbili. Mgonjwa mmoja, mitungi miwili kwa siku na zaidi. Wagonjwa tisa, kumi na minane, ishirini. Kiwanda cha kujaza kiko mji mwingine, lori ni moja. Mganga mkuu akijua wiki mbili kabla kwamba wilaya ya jirani imepata wagonjwa arobaini, ataagiza, ataazima, ataomba. Asipojua, atajua siku ileile mitungi inapoisha. Kazi ya takwimu za kila siku ilikuwa hiyo, kumwambia mwenye wodi kwamba wimbi linakuja. Tulipozizima, kila hospitali ikapigana na wimbi peke yake, kama kwamba ndiyo hospitali pekee nchini, na kila familia ikawa bohari yake ya dawa.

Na mzigo haukuishia wodini. Kwa kuwa shangazi hakufa kwa korona, alizikwa kama mtu asiyekufa kwa korona. Wanawake wa ukoo walimwosha. Turubai likafungwa, watu zaidi ya mia mbili wakaketi bega kwa bega siku tatu, wakapika, wakaimba. Hakuna aliyevaa barakoa, na angeivaa angeulizwa anamkimbia marehemu au anaipinga serikali. Kabla ya wiki mbili kwisha, wawili kati ya waliomwosha walikuwa kwenye korido ileile, wameinama mbele, mikono magotini. Wodi ilijazwa na neno kabla ya kujazwa na kirusi.

Nesi yule simlaumu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha mamlaka. Daktari aliyejua anachokiona alikuwa na watoto wa kusomesha. Ninaowalaumu ni wale ambao kazi yao ilikuwa kusema, wenye vyeo vya kuwalinda, wakachagua kutufundisha kwenye kamera namna ya kusaga vitunguu, tangawizi na malimao, na namna ya kujifukiza. Sina ugomvi na nyungu. Nilipiga nyungu nami na pua ikazibuka. Ila nyungu haijawahi kujaza mtungi.

Walikuwepo waliosema, na inafaa wakumbukwe. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza waziwazi kwamba ana korona. Katika nchi ambayo ugonjwa haukuwepo, mzee wa miaka 77 alikubali kuwa nao hadharani. Alifariki Februari 17, siku ileile aliyofariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Maaskofu Katoliki walikuwa wameshawaonya waumini tangu Januari. Wakati huohuo Waziri wa Fedha aliletwa mbele ya waandishi Dodoma, nje ya hospitali, akikohoa hadi maneno yakikatika, ili kuthibitisha kwamba hajafa. Nimeitazama video ile mara nyingi. Sioni cha kumcheka mgonjwa. Ninachokiona ni nchi iliyokosa namba za kuaminika mpaka ikalazimika kumtoa mtu kitandani awe ndiye takwimu.

Machi 17 Rais mwenyewe akafariki. Tuliambiwa ni moyo. Sina ushahidi wa kingine, na sitajenga hoja yangu juu ya kaburi. Lakini kwamba mamilioni hawakuamini, na hawaamini mpaka leo, hiyo nayo ni gharama ya daftari lililofunikwa: ukishazoea kuficha vifo vya kawaida, hata kifo ulichokitaja kwa ukweli hakitaaminiwa.

Bili ya pili ilikuja na chanjo. Januari 27 tuliambiwa kutoka Chato kwamba chanjo hazifai. Julai 28 Rais Samia akachomwa sindano Ikulu, baada ya dozi 1,058,400 kutua Dar es Salaam. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ameutaja ukweli wa wodini mbele ya wahariri: wagonjwa takriban 100, na 70 hivi wako kwenye oksijeni. Ilikuwa hatua kubwa, nampa haki yake. Lakini watu walisitasita, na wasomi wakawaita wajinga. Ujinga gani? Mtu ameambiwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo. Leo anaambiwa anyooshe bega achomwe dawa ya ugonjwa ambao haupo. Anayekataa ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Kisha zikaja fedha. IMF ilitukopesha, na trilioni 1.3 zikagawanywa: mitambo ya oksijeni, vyumba vya wagonjwa mahututi, na madarasa 15,000. Nayasifu madarasa, watoto wanakaa kwenye madawati. Ila kuna kitu kinanikera kila nipitapo shule ya sekondari karibu na kwetu nikasoma maandishi ya ukutani yanayosema darasa hili limejengwa kwa fedha za UVIKO-19. Mtoto anayesoma humo anaweza kukutajia darasa lilijengwa kwa shilingi ngapi. Walikufa wangapi, mwalimu wake hawezi kumwambia. Tumekopa kwa jina la ugonjwa tuliokataa kuuhesabu, na tutalipa deni hilo mpaka senti ya mwisho, maana deni, tofauti na wafu, lina daftari.

Mnaosema yamepita, tugange yajayo, hebu yaangalieni hayo yajayo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Jibu la kwanza la wizara: sampuli zimepimwa, hakuna Marburg. Ilikuwa haijapita wiki, Januari 20, Rais akasimama Dodoma pamoja na Dkt. Tedros akathibitisha kwamba upo, Biharamulo. Safari hii ukimya ulidumu siku chache badala ya mwaka, na wengine wanasema hayo ni maendeleo. Huenda. Lakini Marburg unaua haraka kuliko korona, na siku chache kwa muuguzi anayemgusa mgonjwa bila glavu za kutosha si chache hata kidogo.

Ninachodai ni kidogo, wala hakihitaji mkopo. Kila zahanati, kila kituo cha afya, kila hospitali nchini ina vitabu vya MTUHA, vile vikubwa vya mistari ambavyo kila anayelazwa na kila anayefariki huandikwa. Vya Januari hadi Machi 2021 viko makabatini. Vya Julai na Agosti pia. Vya 2019 viko chini yake. Chukueni miezi ileile ya miaka hiyo miwili, hesabuni nimonia, hesabuni "changamoto", toeni kimoja kwenye kingine, mtangaze baki. Wanafunzi wa takwimu wanaotafuta mada za utafiti wamejaa vyuoni. Wapeni barua ya kibali, daftari na likizo moja. Kwenye kitabu kimojawapo, ukurasa wa katikati ya Februari, kuna jina la mwalimu mstaafu wa kike, miaka 64, aliyeingia saa mbili usiku akatoka alfajiri. Nesi aliyemwandika ana mwandiko mzuri, unasomeka.