Mashindano ya Gemu Yasiwe ya Wenye Windows Tu

Wana, tuseme ukweli. Humu hosteli kuna watu wanacheza gemu kuliko hao wanaobeba vikombe, ila hawajawahi kuingia hata raundi ya kwanza. Vidole wanavyo. Kosa lao ni kwamba laptopu zao hazina Windows.

Mimi natumia Linux. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu yangu ya mtumba haina sifa za Windows 11, ambayo inadai TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kununua nyingine kwa hela ya bumu? Thubutu! Linux ni bure, na kwa ripoti na kuprogramu inanitosha kabisa. Shida inaanza jioni, gemu zinapofunguliwa.

Gemu haiongei na kadi ya picha moja kwa moja, inapitia mfumo endeshi, na kila mfumo una lugha yake. Gemu nyingi za Windows zimeandikwa kwa DirectX, Apple wana Metal, Linux inatumia Vulkan. Hapo anahitajika mkalimani. Wine imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1993, na mwaka 2018 Valve wakatoa Proton, iliyojengwa juu yake. Leo gemu nyingi za mchezaji mmoja zilizopo Steam nabofya tu, zinawaka.

Kinachotukwamisha sasa ni programu za kuzuia watu kuchiti. Vanguard, inayolinda Valorant, inakaa ndani kabisa ya Windows, na mkalimani haruhusiwi kufika huko. League of Legends ilikuwa inachezeka kwenye Linux mpaka ilipowekewa Vanguard mwaka 2024. Mwaka huohuo Apex Legends nayo ikafunga mlango. Wenye Mac nao wana kilio chao: macOS Catalina ya 2019 iliacha kabisa kufungua gemu za biti 32.

Najua kampuni zitasema sisi ni wachache na wachitaji wanaharibu mchezo. Sawa, hiyo ni biashara yao. Lakini serikali ya wanafunzi haifanyi biashara. Hela ya zawadi inatoka kwenye michango yetu wote, na hakuna aliyeulizwa ana mfumo gani siku ya kulipa.

Ombi langu kwa kamati ya michezo ni dogo. Kabla ya kutangaza gemu, ulizeni kwanza: inachezeka Windows, Mac na Linux? Zipo. Dota 2 inachezeka kote, Minecraft ya Java pia, na SuperTuxKart ni ya bure kabisa. Mkiona lazima iwe Valorant, basi ombeni maabara ya kompyuta wikiendi moja, wote tukae kwenye mashine zinazofanana. Mwenye Windows hapotezi kitu. Akishinda, atakuwa ametushinda na sisi.